Mgeni Anayemsaidia Majeruhi Kusimama

Mtu akivunjika paja kwa ajali ya bodaboda katika barabara ya Kibondo kwenda Kasulu, mkoani Kigoma, na madaktari wakaamua kuuvuta mguu kwa uzito badala ya kumfanyia upasuaji, atalala chali wiki sita, na wakati mwingine zitafika kumi na mbili. Mfupa una kazi yake katika muda huo na kwa kawaida huifanya. Vinavyoharibika ni vitu vingine. Misuli husinyaa, goti hukakamaa, ngozi ya makalio na visigino huota vidonda vya mgandamizo, makohozi hutulia mapafuni, damu huweza kuganda miguuni. Kijana aliyekuwa analisha nyumba nzima huanza kujihesabu kuwa mzigo kabla hata ya siku ya kupewa magongo. Mwongozo huu nakuandikia wewe unayekwenda kumjulia hali mtu wa namna hiyo: shemeji yake, mwanakwaya mwenzake, jirani, dereva mwenzake wa kijiweni. Nashikilia kwamba ziara yako ni sehemu ya matibabu yake, kwa sharti kwamba uiendeshe kwa nidhamu. Mfano mzuri wa nidhamu hiyo unatoka mahali ambapo huenda hukutegemea, kwenye ziara za mbwa katika wodi za Marekani, Kanada na Uingereza.

Katika nchi hizo hospitali nyingi huruhusu mbwa aliyefundishwa, akiwa na mwenye kumwongoza, kupita kitanda hadi kitanda. Jambo lenyewe lina asili ya zamani. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859 alisema mnyama mdogo ni mwenzi mwema wa mgonjwa wa muda mrefu, akamtaja mgonjwa mmoja aliyeuguzwa na muuguzi na mbwa, akampendelea mbwa kwa mbali, hasa kwa sababu mbwa hakuwa anaongea. Katika kitabu hicho hicho ametenga sura nzima kuwaonya wageni wanaomjaza mgonjwa matumaini ya uongo na ushauri asiouomba. Zisome sehemu hizo mbili pamoja. Mbwa alisifiwa kwa kuwa na tabia ambazo wageni wa kibinadamu walizikosa: alikaa karibu, aliguswa, hakumhoji mgonjwa, hakumtabiria mabaya.

Utafiti wa miaka ya karibuni umejaribu kupima jambo hilo kwa vipimo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na wauguzi wa hospitali ya chuo kikuu cha California, Los Angeles, uliwagawa wagonjwa 76 wa moyo kushindwa kazi katika makundi matatu: waliotembelewa na mbwa pamoja na mtu wa kujitolea kwa dakika 12, waliotembelewa na mtu peke yake, na waliopata huduma ya kawaida tu. Kundi la mbwa lilipungukiwa zaidi na wasiwasi, na hata shinikizo la damu kwenye mishipa ya mapafu lilishuka. Mwaka 2015 ukachapishwa utafiti mwingine wa Marekani juu ya watu 72 waliobadilishiwa viungo vya nyonga au goti, ambao hali yao inakaribia zaidi ile ya majeruhi wetu. Waliotembelewa na mbwa kwa dakika 15 kabla ya mazoezi ya viungo walieleza maumivu kidogo kuliko wenzao. Ule ninaouthamini kuliko yote ni wa mwaka 2011. Wagonjwa 69 wa moyo waliombwa kutembea kwenye ujia wa hospitali wakiwa na mbwa. Waliokataa walikuwa kama asilimia 7, ilhali kumbukumbu za nyuma za wagonjwa wa aina hiyo zilionyesha kwamba asilimia 28 hukataa kuinuka, na hatua walizopiga zilikaribia mara mbili. Hapo mbwa alifanya zaidi ya kuliwaza. Alimpa mgonjwa sababu ya kutoka kitandani.

Nikitaja ushahidi huu sina budi kutaja pia udhaifu wake. Tafiti hizi ni ndogo, zilipima dakika au siku chache, na haiwezekani kumficha mgonjwa kama ametembelewa na mbwa au la, kwa hiyo sehemu ya nafuu inaweza kuwa furaha ya kupata kitu kipya. Wengi waliokubali kushiriki ni watu waliozoea kuishi na mbwa ndani ya nyumba. Pingamizi zito kuliko yote linatoka ndani ya utafiti wa 2007 wenyewe: ikiwa mtu peke yake hakuleta nafuu kama ya mbwa, kwa nini nikuambie kwamba wewe, usiye na mbwa, unaweza kusaidia? Jibu langu ni kwamba yule mtu wa kujitolea alikuwa mgeni kabisa kwa mgonjwa, alikuja kuongea naye kwa dakika 12, kisha akaenda zake. Hakuwa na undugu naye, hakuwa na ahadi ya kurudi, wala kazi ya kufanya naye. Wewe unavyo vyote vitatu, ukitaka kuvitumia. Kinachobaki ni kuondoa yale yanayoharibu ziara za watu, na ndiyo maana nidhamu ya ziara za mbwa inastahili kuigwa hata pale ambapo mbwa mwenyewe hawezi kuletwa.

Na kwa sasa, Kibondo na Kasulu si mahali pa kuanza na mbwa. Huku mbwa ni mlinzi wa nyumba na shamba, hulala nje, na wengi hawajapata chanjo. Kichaa cha mbwa bado kinaua Tanzania, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Makadirio ya dunia nzima ni vifo kama 59,000 kwa mwaka, karibu vyote vikitokana na kuumwa na mbwa. Katika wodi hiyo hiyo ya majeruhi anaweza kuwa amelazwa mtoto aliyeraruliwa na mbwa juzi, na kumpitishia mbwa mbele ya kitanda ni kumtesa. Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii wana hukumu ya unajisi wa mate ya mbwa, nayo inapaswa kuheshimiwa bila mjadala pembeni ya kitanda. Wodi zetu ni za wazi, vitanda vingi chumba kimoja, kwa hiyo idhini ya mgonjwa mmoja haiwatoshi majirani zake. Sababu hizi zinatosha kumwacha mbwa nje ya wodi. Hazitoshi kuiacha kazi yake bila mtu wa kuifanya.

Basi anza kabla hujatoka nyumbani. Ziara ya mbwa hupangwa: anajulikana anayekuja, saa, na muda atakaokaa. Ziara zetu huja kwa mafuriko. Siku ya pili ya ajali kitanda kimezungukwa na watu kumi na wawili, wiki ya tano hakuna hata mmoja, na hiyo wiki ya tano ndiyo mbaya. Kaeni kikao kifupi cha familia, pamoja na jumuiya ndogo ndogo, kwaya, kikundi cha msikitini au viongozi wa kijiwe cha bodaboda, mgawane siku. Wanaokaa mjini, Kibondo au Kasulu, wachukue siku za katikati ya juma. Wanaotoka mbali, Mabamba au Heru Ushingo, waje siku wanayoweza na siku nyingine wapige simu kwa saa ile ile ambayo mgonjwa ataizoea. Wageni wawili kwa wakati mmoja wanatosha. Dakika 15 hadi 20 zinatosha pia, kwani tafiti nilizozitaja zilipata matokeo yake kwa dakika 12 hadi 15, na mtu mwenye maumivu hana nguvu ya kupokea wageni kwa saa mbili. Kuna atakayesema mila yetu ni kwenda wengi, na kwenda wawili ni kama kumdharau mgonjwa. Hakuna anayekukataza kuwa wengi. Wingi wenu usambazwe katika wiki zote anazolala, maana watu 40 wanaopishana kwa siku 40 wanamheshimu mgonjwa kuliko 40 wanaofika Jumapili moja.

Ukifika, mwone kwanza muuguzi wa zamu. Mweleze wewe ni nani na umwulize mambo matatu: mgonjwa anaruhusiwa kula nini, anaruhusiwa kufanya harakati zipi leo, na kama kuna jambo ambalo asiambiwe kwa sasa. Wageni wengi hulikosa hili la harakati, na hapo ndipo faida kubwa ilipo. Mguu uliovutwa kwa uzito haugeuzwi ovyo, na ule uzito haushikwi, hauinuliwi, wala hauwekwi juu ya kiti ili mgonjwa apumzike kidogo. Ukifanya hivyo unaweza kuharibu kazi ya wiki tatu kwa dakika moja ya huruma. Lakini mgonjwa huyo huyo, muuguzi au mtaalamu wa mazoezi ya viungo akiruhusu, anaweza kukunja na kukunjua kifundo cha mguu mzima, kukaza misuli ya paja, kujiinua kidogo kwa mikono na kuvuta pumzi ndefu mara kadhaa kila saa. Peke yake atafanya mara mbili aache. Ukifanya naye, ukahesabu kwa sauti, mkashindana, atafika kumi. Kwa aliyefikia hatua ya magongo, panga ziara yako iangukie saa ya mazoezi, utembee ubavuni mwake hadi mlangoni, na kesho yake hadi uani. Hivyo ndivyo yule mbwa wa utafiti wa 2011 alivyofanya.

Usafi ni sehemu ambayo masharti ya mbwa yanatuaibisha kidogo. Wataalamu wa Marekani wa kuzuia maambukizi ya hospitalini walitoa mwaka 2015 mapendekezo juu ya wanyama wanaoingia wodini: mbwa awe mkubwa wa umri, awe ameogeshwa karibuni, asilambe wagonjwa, asikae wodini zaidi ya saa moja, na kila anayemgusa asafishe mikono kabla na baada. Walikuwa na sababu, kwa kuwa tafiti za Kanada zilionyesha kwamba mbwa wanaozunguka hospitalini wanaweza kubeba vijidudu sugu kutoka kitanda kimoja hadi kingine. Sasa jitazame wewe. Umetoka shambani, umeshika usukani wa pikipiki, umesalimiana na watu kumi getini, kisha unaketi juu ya shuka la mtu mwenye kidonda wazi cha chuma kilichopitishwa mfupani. Nawa kwa sabuni kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa. Simama au omba kiti, usikae kitandani. Ukiwa na mafua au kuhara, piga simu. Usifunue bandeji ili uone kidonda kimefikia wapi, hata mgonjwa akikuonyesha kwa kujivunia.

Baada ya mikono kuwa safi, mguse. Wapo wanaodhani heshima kwa mgonjwa ni kusimama mbali kwenye miguu ya kitanda huku umefumbata mikono. Kumpapasa mbwa manyoya ni jambo ambalo watafiti wengi wanalitaja wanapoeleza utulivu wa wagonjwa, na binadamu ana njia zake za kugusa. Salamu za Waha, wenyeji wa huku, ni ndefu na za mikono. Usizifupishe kwa sababu mtu amelala. Shika mkono, uuache mkononi mwako mpaka salamu imalizike. Kwa shemeji au mkwe, mipaka ya mila mnaijua wenyewe, na dada yake au mjomba anaweza kuchukua nafasi hiyo.

Kuhusu maneno, hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndipo ziara nyingi huharibikia. Mbwa haulizi fomu ya polisi, PF3, iko wapi. Haulizi nani alikuwa na makosa, mwenye pikipiki anadai kiasi gani, nani atavuna maharage, au kama ajali hii haina mkono wa mtu. Hasimulii habari ya fulani wa Makere aliyevunjika hivi hivi akaishia kukatwa mguu. Hamwambii mgonjwa aondoke hospitali apelekwe kwa fundi wa kuunga mifupa kijijini. Ushauri huo wa mwisho una hatari ya pekee: mfupa ukifungwa vibaya kwa vijiti vilivyokazwa sana, damu inaweza kushindwa kufika kwenye nyama, na mguu ukafa. Mambo ya polisi, deni na mashamba ni ya kweli, yanahitaji mtu wa kuyashughulikia. Familia imteue mmoja, ayashughulikie nje ya wodi, na amletee mgonjwa taarifa za yaliyokwisha kutatuliwa, au maswali yasiyoweza kujibiwa na mwingine. Ninyi wengine leteni habari za dunia inayoendelea: mtoto kaanza kusoma, mbuzi kazaa, Yanga na Simba wametoka ngapi. Mwulize anataka kusikia nini. Akinyamaza, kaa naye kimya. Kimya cha mtu aliyekuja kwa ajili yako hakimchoshi mgonjwa.

Kuna watakaosema sala ndiyo kazi ya mgeni, na haya ya mazoezi na saa ni ya hospitali. Kumtazama mgonjwa ni wajibu kwa Mkristo na kwa Mwislamu, na sala ni ya thamani kwa anayeitaka. Mwombe ruhusa kwanza, salini kwa sauti inayomtosha yeye peke yake, na msimtangazie kwamba akiwa na imani ataacha magongo kesho. Mgonjwa aliyeambiwa hivyo, kisha akashindwa kusimama, hubaki na mguu uliovunjika na lawama ya imani haba. Wengine watasema hospitali zetu zina upungufu wa wauguzi, vitanda na dawa, kwa hiyo kuzungumzia ziara ni anasa. Mimi naona kinyume chake. Wauguzi wakiwa wachache, mgonjwa ndiye anayekosa wa kumkumbusha kugeuka, kunywa maji na kukunja kifundo, na ndugu aliyeelekezwa vizuri anaweza kuyafanya hayo bila gharama. Lisilo halali ni kumgeuza ndugu kuwa mbadala wa muuguzi katika sindano, vidonda na dawa. Hayo wadai wenye ujuzi bila kuona haya.

Kuna mgonjwa mwingine ambaye ningependa umfikirie unapopita kwenda kwa wako. Wakimbizi wa Kongo na Burundi walioko kambi ya Nyarugusu, Kasulu, wakipewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, mara nyingi ndugu zao hawawezi kuwafuata, kwa kuwa kutoka kambini kunahitaji kibali. Mtu huyo anaweza kulala wiki nzima bila kusemeshwa na yeyote asiye mtumishi. Kiha na Kirundi vinasikilizana, na kwa Mkongomani Kiswahili kinatosha. Mwulize muuguzi kama anapenda kusalimiwa, kisha mpe dakika 15 zile zile. Usimwulize alikimbia nini.

Ikiwa siku moja kanisa, shirika au mganga mfawidhi wa hospitali atataka kujaribu mbwa wenyewe, njia ipo, ila ianzie kwenye ofisi ya mifugo. Wataalamu wanakubaliana kwamba ukichanja kama asilimia 70 ya mbwa wa eneo, tena kila mwaka, kichaa cha mbwa hukosa njia ya kuenea, na Pemba imeonyesha kwamba kampeni za namna hiyo zinaweza kukata maambukizi kisiwani. Kuchanja mbwa wa Kibondo na Kasulu kungewaokoa watu wengi kuliko ziara zozote za wodini, kwa hiyo hiyo ndiyo hatua ya kwanza hata kwa mpenda mbwa. Baada ya hapo mbwa mmoja mtulivu, mwenye kadi ya chanjo na cheti cha daktari wa mifugo, akiwa na mtu wake, angeweza kukutana na wagonjwa wachache walioomba wenyewe, uani chini ya mti, mbali na chakula, watoto walioumwa na mbwa na watu wanaoswali. Na kwa kuwa mbwa wa mtaani bado wapo, kila mgeni ajue: aliyeumwa au kulambwa penye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo, hata jeraha likiwa dogo.

Ratiba mliyoipanga isiishe siku ya kuruhusiwa. Nyumbani hakuna kengele ya mazoezi, na choo cha shimo ni kigumu kwa mtu asiyeweza kuchuchumaa. Kabla hajatoka, mmoja wenu amwombe mtaalamu amwonyeshe kwa vitendo mazoezi ya wiki sita zijazo na uzito anaoruhusiwa kuukanyagia mguu. Mwingine atengeneze kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo na aondoe mawe mlangoni. Tarehe ya kliniki iandikwe kwenye simu za watu watatu, na nauli yake itengwe siku hiyo hiyo, kabla fedha za michango hazijaisha kwenye mambo mengine.